Profesa Kasema Redioni: Tumsikilizeje?

Pale Chikongola, mjini Mtwara, tunapokaa kunywa kahawa jioni, ubishi huisha kwa njia mbili. Ama adhana ya magharibi inaingia, ama mtu anatamka maneno matatu: "Profesa kasema redioni." Yakishatoka hayo, aliyekuwa na hoja yake huinamia kikombe. Nimeyasikia yakifunga mjadala wa vita vya Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, wa ushuru wa Marekani, wa meli zinazoshambuliwa Bahari ya Shamu, na wa uchaguzi wetu wenyewe kila unapokaribia.

Jioni moja mama anayekaanga samaki jirani na baraza letu alikuwa akisikiliza nasi. Shemeji zake wako Palma, mji wa Cabo Delgado. Mchambuzi alipomaliza kueleza vita vya huko, mama akauliza: "Huyo baba ameshavuka Kilambo?" Kilambo ndicho kivuko chetu cha kwenda Msumbiji. Wenzangu wakacheka. Mimi swali lile limenikaa hadi leo, kwa sababu ndilo mtafiti wa kweli hujiuliza kabla hajafungua mdomo: haya ninayoyasema nimeyajuaje?

Tuanze na cheo chenyewe, maana mitaani kwetu kila aliyesoma sana ni "prof". Katika vyuo vikuu vyetu mtu hupanda ngazi kwa ngazi: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, kisha profesa kamili. Shahada ya uzamivu humpa mtu jina la Daktari tu. Ili afike uprofesa inambidi achapishe tafiti kwenye majarida ambayo, kabla ya kuchapa, huwapelekea mabingwa wengine wa fani ileile wazisome na kuzichambua bila huruma. Hiyo ni kazi ya miaka mingi. Kwa hiyo mtu akiitwa profesa, tunaambiwa kwamba wenzake wameipima kazi yake wakairidhia. Cheo hicho nakiheshimu, na sipendi kusikia kikidharauliwa na watu ambao hawajawahi kuandika hata ukurasa mmoja ukapimwa na mwingine.

Ila wenzake hao walimpima katika fani yake. Redioni cheo husomwa peke yake na fani hubaki mlangoni. Aliyepanda kwa kuchunguza vyama vya ushirika na aliyepanda kwa kuchunguza mikataba ya silaha wote hutambulishwa kama "profesa na mchambuzi wa siasa za kimataifa". Na uhusiano wa kimataifa wenyewe ni msitu: kuna sheria ya bahari, kuna usalama, kuna biashara, kuna historia ya diplomasia. Chuo cha Diplomasia pale Kurasini, ambacho sasa kina jina la Dk. Salim Ahmed Salim, kilianzishwa mwaka 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji. Sisi wa kusini tungepaswa kulijua hilo na kujivunia. Hata hivyo aliyebobea hapo katika mazungumzo ya biashara si lazima ajue lolote la maana kuhusu Macomia, wilaya ya Cabo Delgado.

Cabo Delgado ndiyo mfano unaotugusa kuliko wote, kwa hiyo nitakaa nao.

Tarehe 5 Oktoba 2017 kundi la vijana wenye silaha lilivamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia. Wenyeji wakawaita Al-Shabaab, ingawa si wale wa Somalia. Tarehe 14 Oktoba 2020 wapiganaji walivuka Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya, mkoani kwetu. Tarehe 24 Machi 2021 wakaingia mji wa Palma, na mwezi uliofuata kampuni ya TotalEnergies ikatangaza kwamba hali iliyo nje ya uwezo wake imeilazimisha kusimamisha mradi wake mkubwa wa gesi kwenye rasi ya Afungi. Julai 2021 wakaingia askari wa Rwanda, kisha kikosi cha SADC, na wanajeshi wa Tanzania wakawa Nangade, ng'ambo tu ya mto. Kikosi cha SADC kilimaliza muda wake Julai 2024.

Hadi hapo hatuhitaji profesa. Hayo ni matukio, na mwandishi mzuri wa habari anatosha. Profesa tunamhitaji tunapouliza kwa nini, na hapo ndipo nilipojifunza kusikiliza kwa makini zaidi, maana majibu ni mengi na yote hutamkwa kwa sauti ileile ya uhakika. Mmoja anasema ni gesi: mabeberu wanataka kuimiliki, wakaleta vita. Mwingine anasema ni Dola la Kiislamu kutoka Mashariki ya Kati. Wa tatu anasema ni umaskini na vijana kukosa kazi.

Sasa zichukue tarehe uzipange. Eric Morier-Genoud, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, aliyeitafiti Msumbiji kwa miaka mingi, alifuatilia mizizi ya kundi hilo akakuta dhehebu dogo lililojitenga na misikiti mingine, likionekana wilayani Balama mwaka 2007. Visima vikubwa vya gesi vya bonde la Rovuma viligunduliwa kuanzia 2010. Gesi basi haikulizaa dhehebu lile. Inaweza kuwa ilichochea mambo, iliongeza hasira za watu waliohamishwa kwenye ardhi yao, iliikuza vita machoni pa dunia. Lakini mzazi si yeye. Dola la Kiislamu nalo lilianza kujitangaza kwamba linahusika Cabo Delgado mwaka 2019, wakati vijana wa Mocímboa walikuwa wameshapigana karibu miaka miwili. Marekani iliwaweka kwenye orodha yake ya magaidi kwa jina la ISIS-Mozambique Machi 2021. Mwenye kusema vita vilianzishwa na Dola la Kiislamu amemweka mtoto mbele ya mama.

Na umaskini? Hapa mwanazuoni mzuri huongeza swali ambalo sisi kahawani hatuliulizi. Umaskini uko Niassa pia, uko Zambézia, uko hata huku kwetu ng'ambo ya mto. Mbona vita havikuanzia huko? Jambo lililopo kila mahali haliwezi peke yake kueleza jambo lililotokea mahali pamoja. Ndipo inabidi utafute cha ziada: ugomvi wa vijana na masheikh wao, mvutano wa zamani wa Wamwani wa pwani na Wamakonde wa nyanda za juu kuhusu nani ananufaika na serikali ya FRELIMO, chama tawala cha Msumbiji, wachimbaji wadogo waliofukuzwa kwenye rubi za Montepuez, jinsi polisi walivyolishughulikia dhehebu lile kabla halijashika silaha. Watafiti watatu wa Msumbiji, Saide Habibe, Salvador Forquilha na João Pereira, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufanya kazi hiyo kwa kuwahoji watu wa kaskazini wenyewe, na matokeo yao yakachapwa Maputo mwaka 2019. Wao, kwa lugha ya yule mama, walikuwa wameshavuka.

Kuna jambo jingine ambalo redio haitaji kamwe: lugha. Sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kuhusu Cabo Delgado ni Kireno. Wahusika wenyewe huzungumza Kimwani, Kimakonde, Kimakua, na wengi wa pwani wanaelewana nasi kwa Kiswahili. Mchambuzi asiyesoma Kireno na asiyejua lugha yoyote ya huko anategemea yaliyotafsiriwa na wengine, mara nyingi taarifa za mashirika ya usalama zilizoandikwa kwa wawekezaji. Huenda bado akasema kweli. Ila kweli hiyo imepitia mikono mingi, na anayesikiliza ana haki ya kujua imepita kwa nani.

Profesa akimaliza kueleza sababu, mtangazaji huuliza: "Je, profesa, unaonaje mbele ya safari?" Sauti haibadiliki, kiti ni kilekile, lakini tumeshaondoka kwenye elimu iliyopimwa tukaingia kwenye utabiri. Hili ndilo ningependa kila msikilizaji alishike. Mtu anaweza kuijua jana kwa ukamilifu na kesho ikampiga chenga kama inavyonipiga mimi.

Mwanasaikolojia wa Marekani Philip Tetlock alilipima jambo hili kwa uvumilivu wa ajabu. Kuanzia miaka ya 1980 aliwafuatilia watu 284 ambao kazi yao ni kutoa maoni juu ya siasa na uchumi, akakusanya utabiri wao zaidi ya 27,000, akasubiri miaka ipite, kisha akalinganisha na yaliyotokea. Alichapa matokeo mwaka 2005. Kwa wastani, mabingwa hao walishindwa kuzizidi kanuni nyepesi kama ile ya kusema tu kwamba kesho itafanana na leo. Waliovuma zaidi kwenye vyombo vya habari ndio walioelekea kukosea zaidi. Waliofanya vizuri kidogo walikuwa wale wenye mazoea ya kusema "inategemea", wanaokusanya habari kutoka pande nyingi na kukubali walipokosea; walioanguka ni wenye wazo moja kubwa wanalotaka kuifunika dunia nzima. Unaona tatizo. Mtangazaji mwenye dakika 4 anampenda nani? Yule wa wazo moja.

Sisi wa Mtwara na Lindi tunao ushahidi wa utabiri wa mabingwa, tena wa zege. Mwaka 1946 Uingereza ilimtuma John Wakefield, aliyekuwa mkuu wa kilimo Tanganyika, na wenzake wawili wachunguze kama nchi hii ingeweza kulima karanga za kuwapa Waingereza mafuta ya kula baada ya vita. Walizunguka kwa wiki 9, sehemu kubwa wakitazama nchi kutoka kwenye ndege. Taarifa yao ilipendekeza zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini; kwa Tanganyika ni Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya mpango huo ikajengwa bandari ya kina kirefu hapa Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Mvua hazikufuata hesabu, udongo wa Kongwa ukikauka ulikuwa kama saruji, matrekta yakafa. Januari 1951 mpango ulifutwa, pauni zaidi ya milioni 35 zikiwa zimepotea. Reli iling'olewa miaka ya mwanzo ya 1960. Bandari tunayo, na leo inapakia korosho.

Wakefield hakuwa mjinga wala mgeni wa Tanganyika; kilimo kilikuwa fani yake hasa. Alichokosa ni miaka ya vipimo vya mvua na udongo wa maeneo yale, na aliyeisoma taarifa London alikuwa na haraka ya jibu moja tu. Wakati mwingine kosa la utabiri huwa la anayeuliza kama lilivyo la anayejibu.

Nije kwenye kofia nyingine anazovaa profesa. Vyuo vikuu vyetu havikuwahi kuwa mbali na siasa, na sioni kosa hapo. Eduardo Mondlane alikuwa akifundisha anthropolojia Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, kabla hajaja Dar es Salaam kuiongoza FRELIMO, ambayo wapiganaji wake walipata mafunzo Nachingwea. Aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi, Dar es Salaam, tarehe 3 Februari 1969, na chuo kikuu cha Maputo kina jina lake. Kwa upande wetu, Profesa Ibrahim Lipumba ni mchumi na pia mwenyekiti wa CUF. Marehemu Profesa Mwesiga Baregu alifundisha sayansi ya siasa akiwa CHADEMA. Profesa Palamagamba Kabudi alitoka kufundisha sheria Mlimani akaingia serikalini, na mwaka 2019 akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Profesa Benson Bana, ambaye magazeti yalimtafuta kwa miaka kila palipokuwa na uchaguzi, aliteuliwa kuwa balozi nchini Nigeria. Hakuna aliyevunja sheria. Lakini mtu akiwa mwanachama, au waziri, au balozi, maneno yake yana mwajiri. Msikilizaji akiambiwa hivyo mapema atapima mwenyewe. Akifichwa, ameibiwa kitu.

Mei 2013 tuliliishi hili. Waziri wa Nishati na Madini alikuwa Profesa Sospeter Muhongo, mjiolojia mwenye sifa ndani na nje ya Afrika. Tarehe 22 Mei bajeti ya wizara yake ilisomwa bungeni, na bomba la kupeleka gesi yetu ya Mtwara Dar es Salaam likabaki palepale kwenye mpango. Mtwara ikawaka. Watu walikufa, nyumba zilichomwa, jeshi likaingia mitaani. Nikitazama nyuma naona serikali na mitaa zilikuwa zinajibu maswali mawili tofauti. Kuna gesi kiasi gani chini ya Mnazi Bay, na isafirishwe vipi kwa usalama? Hilo ni swali la miamba na uhandisi, na profesa alilijua kuliko sisi sote. Je, mtoto wa Msimbati atapata nini gesi ikipita mbele ya mlango wao? Hilo si la miamba. Ni la mgawanyo, la ahadi, la historia ya kusini kuachwa nyuma tangu enzi za mkoloni. Uprofesa wa kwanza hauhamii kwenye la pili. Waliopiga kelele za "gesi haitoki" walikuwa na elimu yao juu ya swali hilo la pili, na ilistahili kusikilizwa mezani kabla haijafika barabarani. Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015.

Upande mwingine nao usemwe: profesa aliyeajiriwa na chuo cha umma hasemi kila anachokijua. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikawa ni kosa kutoa takwimu za kupinga zile rasmi, na mwaka uliofuata kifungu hicho kikalegezwa. Kwa miezi ile, mchumi aliyeulizwa ukuaji wa uchumi alikuwa na sababu ya kujibu kwa mafumbo. Ukimsikia mchambuzi wa siasa za ndani anazunguka sana, huku wa siasa za Marekani anapiga moja kwa moja, usidhani wa kwanza hajui. Kumsema rais wa mbali ni kwepesi. Wanazuoni wa Tanzania walilijua hili mapema. Mwaka 1990 walitoa Azimio la Dar es Salaam kutetea uhuru wa kitaaluma.

Kuhusu vyombo vya habari nitasema machache. Mtayarishaji wa kipindi ana saa mbili kabla ya kwenda hewani na daftari la namba za simu. Anayepokea simu haraka na kuzungumza bila kigugumizi ndiye atakayeitwa tena kesho, liwe suala la Gaza, la Kongo au la bei ya mafuta. Mahojiano ya dakika 15 hukatwa yakabaki sekunde 40, na "inategemea" ndiyo inayokatwa kwanza. Klipu ikifika WhatsApp haina tena tarehe. Nimewahi kutumiwa sauti ya mchambuzi akieleza hali ya Palma kana kwamba ni ya wiki hiyo, kumbe ilikuwa ya miaka miwili nyuma. Na sasa kuna sauti za kutengenezwa na kompyuta.

Mfano wa korosho utaonyesha msikilizaji anavyoweza kuyatumia haya. Aprili 2025 Rais wa Marekani alitangaza ushuru wa asilimia 46 kwa bidhaa za Vietnam. Mkulima wa Tandahimba alisikia wachambuzi wakibishana kama dunia ya biashara huria imekufa. Yeye alihitaji kitu chembamba zaidi: Vietnam hununua korosho ghafi za Afrika, zikiwemo zetu, huzibangua, kisha huuza kokwa zake nje, na Marekani ni mmoja wa wateja wake wakubwa. Ushuru ukikaa, mbanguaji wa kule atataka kununua kwa bei ya chini mnadani. Minada yetu mikubwa huanza Oktoba. Kwa hiyo swali la kumuuliza profesa lilikuwa: je, ushuru huu utakuwa bado upo Oktoba, na hilo linategemea nini? Aliyejibu "unategemea mazungumzo ya Hanoi na Washington, mtazame Julai" alimsaidia mkulima kuliko aliyehubiri saa nzima juu ya kuanguka kwa ubeberu. Julai ilipofika, kiwango kilishushwa hadi asilimia 20.

Wazee husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yule mama wa samaki angeweza kuitumia methali hiyo kumfunga mdomo kila mchambuzi. Mimi nadhani methali ina nusu nyingine ambayo haisemwi. Aliyekilalia anajua anavyoumwa na saa anayoumwa. Kunguni wametoka wapi, wamepitia ufa gani, na kwa nini kitanda cha jirani ni salama, hayo hayaoni kutoka pale alipolala. Anamhitaji mtu aliyekagua vitanda vingi, na mkaguzi huyo anamhitaji yeye.

Jioni ya 24 Machi 2021 mama yule aliwapigia shemeji zake Palma, simu zote zikawa hazipatikani. Akajaribu ya dukani, ya msikitini, ya binti aliyeolewa Quitunda. Kimya. Mtandao wa mji mzima ulikuwa umekatwa na wavamizi, jambo ambalo redio zilikuja kulieleza baadaye zikiwa na wachambuzi wake. Yeye usiku uleule alishatuambia kwamba Palma imeingiliwa. Hakuna mtangazaji aliyekuwa na namba yake.